Kupima Usumbufu Mdogo

Anayetaka kuujua ubingwa wa mtunga kamusi asianzie kwenye maneno makubwa kama haki, mapenzi au mauti. Hayo kila mtu ana la kuyasemea, na hata fasili yake ikipwaya, msomaji huikamilisha kwa yale aliyoyaona maishani. Aanzie kwenye neno dogo lenye maana nyembamba, linaloishi jirani na maneno mengine kumi yanayofanana nalo, ambalo likikosewa kidogo tu linageuka kuwa neno jingine. Kwa upande wa Kiingereza, mimi huanzia kwenye kitenzi "incommode" na ndugu yake "discommode".

Ndugu hawa hawana tofauti kubwa ya maana. Vyote viwili ni vitenzi elekezi: lazima awepo mtu aliyefikwa na jambo. Na jambo lenyewe ni kuondolewa urahisi aliokuwa nao, kutiwa katika usumbufu usiofikia kuwa msiba. Mgeni aliyealikwa saa saba akabisha hodi saa tano, mwenye nyumba hajaoga na chungu bado kiko jikoni, ametenda tendo hili. Kikao kilichohamishwa kutoka Jumatatu hadi Ijumaa kimewatenda hivyo waliokwisha kupanga wiki yao. Abiria wa tatu aliyejipenyeza kwenye kiti cha watu wawili naye amewatenda hivyo wenzake. Waliofikwa na mambo hayo hawakuumia, hawakuibiwa, hawakutukanwa. Kilichoharibika ni mpangilio wao.

Chimbuko lake ni Kilatini. "Modus" ni kipimo, na "commodus" ni kile kilicho sawasawa na kipimo chake, kinachofaa, kinachokaa vizuri mahali pake. Kifaransa kilirithi neno hilo pamoja na kitenzi cha kukanusha hali hiyo, nacho Kiingereza kikakichukua mwishoni mwa karne ya 16 katika umbo la "incommode". Umbo la "discommode" lilifuata baadaye. Ukoo wake ni mpana: humo limo neno la Kiingereza la bidhaa, limo neno la kumpa mtu malazi, limo hata jina la kabati la droo na la kiti chenye chombo cha kujisaidia kinachowekwa chumbani mwa mgonjwa. Mtunga kamusi anaupokea ukoo wote huo mezani pake, na kazi yake ni kuhakikisha kila mmoja anapata kiti chake bila kukalia cha mwenzake.

Mwaka 1746 Samuel Johnson alitia saini mkataba na wauza vitabu wa London. Angewatungia kamusi ya Kiingereza kwa gini 1,500, na ujira wa wasaidizi utoke humo humo. Alitarajia kumaliza kwa miaka mitatu. Kamusi ilitoka Aprili 1755. Alipanga nyumba Gough Square, ambayo ipo hadi leo, na chumba cha juu kabisa chini ya paa akakifanya karakana. Humo walifanya kazi wasaidizi sita, watano kati yao wakiwa Waskoti. Mwendo wa kazi ulikuwa huu: Johnson anasoma kitabu, anapiga mstari wa penseli chini ya neno analolitaka, anaandika herufi yake ya kwanza pembeni mwa ukurasa, kisha msaidizi ananakili sentensi nzima. Kwa njia hiyo vilipatikana vidahizo zaidi ya 42,000 na nukuu zipatazo 114,000 za kuvitolea ushahidi.

Katika maelfu hayo, alipofika kwenye "incommode", Johnson alieleza kwanza kwamba ni kuwa kinyume cha urahisi wa mtu. Angeweza kuishia hapo na hakuna ambaye angemlaumu. Akaendelea: ni kumzuia mtu au kumtatiza pasipo kumdhuru sana.

Nimelirudia mara nyingi hilo "pasipo kumdhuru sana", na kila nikilirudia nazidi kuona ufundi wake. Watu wengi wanaweza kusema neno linaingiza nini ndani. Ni wachache wanaoweza kusema linakoma wapi. Ukisema tu kwamba kitenzi hiki ni kumzuia na kumtatiza mtu, umefungulia mlango kila balaa: mafuriko humzuia mtu, deni humtatiza, vita hufanya yote mawili. Maneno matatu ya mwisho yanaufunga mlango huo. Na tazama hilo "sana" linavyofanya kazi yake. Johnson hakusema kwamba hakuna madhara hata kidogo, kwa sababu mtu aliyeamshwa usiku kwa jambo la kipuuzi amepoteza kitu, hata kama kitu chenyewe ni usingizi wa nusu saa. Aliacha madhara kidogo yabaki ndani ya fasili, kisha akayawekea mpaka yasizidi. Mizani ya aina hiyo ni ya sonara.

Aliyeandika hivyo hakuwa mgeni wa taabu nzito. Alikuwa na mwili wenye maradhi tangu utotoni, aliishi na madeni, na mkewe Elizabeth alifariki mwaka 1752, kamusi ikiwa bado haijakamilika. Sidhani kwamba maisha yake yanahitajika ili fasili ieleweke, inajitosheleza. Lakini ni wazi kwamba mtu huyu alijua kilo moja ya usumbufu ina uzito gani ikilinganishwa na tani ya huzuni, na hakuvichanganya.

Kuna jaribio ambalo mafundi wa kazi hii hulitumia, nalo ni rahisi kulieleza ingawa ni gumu kulifaulu. Chukua sentensi yenye neno, ondoa neno, weka fasili mahali pake. Ikiwa sentensi inabaki na maana ile ile, fasili imesimama. Ikiwa sentensi imepanuka ikameza mambo ambayo msemaji hakuyakusudia, fasili imelegea. Ikiwa imebana kiasi cha kukataa matumizi ya kawaida, fasili imekaza mno. Ijaribu ya Johnson kwa mgeni wa saa tano: amemzuia na kumtatiza mwenye nyumba pasipo kumdhuru sana. Inakaa. Ijaribu kwa mwizi aliyebeba televisheni: haikai, na haipaswi kukaa.

Mtego mwingine wa kazi hii ni mzunguko. Msomaji anafungua kamusi atafute kusumbua, anaambiwa ni kutia usumbufu. Anakwenda kwenye usumbufu, anaambiwa ni hali ya kusumbua. Ametembezwa na amerudishwa mlangoni mikono mitupu. Hakuna lugha isiyokuwa na mtego huo, kwa sababu maneno hufafanuliwa kwa maneno na hatimaye lazima yakutane. Ufundi ni kuuchelewesha mkutano huo, msomaji apite kwanza kwenye maneno mapya yaliyo mepesi kuliko lile alilolitafuta. Kuzuia na kutatiza ni maneno mepesi kuliko "incommode". Msomaji akifika hapo ameshika kitu.

Huko Marekani, Noah Webster alikipima kitenzi hicho hicho kwa njia nyingine. Kamusi yake kubwa, yenye maneno yapatayo 70,000, ilitoka mwaka 1828 naye akiwa na umri wa miaka 70. Webster alifanya jambo ambalo Johnson hakulifanya: alikipangia kitenzi daraja. Alisema wazi kwamba kiko chini ya vitenzi vya Kiingereza vya kuudhi, kukera na kuandama mtu kwa maudhi. Kisha akatoa mifano yake mwenyewe, ya nyumbani kabisa. Alitaja watu wanaokosa nafasi ya kuketi kwa raha. Alitaja pia wageni wanaotembelea familia kwa saa zisizofaa.

Mifano hiyo miwili naipenda kwa unyenyekevu wake. Hakutafuta askofu wala mshairi wa kuipamba kamusi. Alitazama chumba chenye watu wengi na mlango unaobishwa hodi jioni, akaona maana yote imo humo. Mtu ambaye hajawahi kulisikia neno hili akisoma mifano hiyo miwili anajua papo hapo lini alitumie na lini aliache. Nikiulizwa nani kati ya hao wawili aliyekifanyia kazi bora zaidi kitenzi hiki, nitasema hivi: fasili nzuri ni ya Johnson, kitomeo, yaani neno na maelezo yake yote, chenye manufaa ni cha Webster. Fundi anayejifunza leo angefaidika akivisoma pamoja.

Kisha kazi hii ikakua kupita uwezo wa mtu mmoja. Chama cha Filolojia cha London kilianza mwaka 1857 kuwaza kamusi itakayosimulia maisha ya kila neno la Kiingereza tangu siku lilipoonekana, na mwaka 1879 James Murray, mwalimu wa shule ya Mill Hill, akakabidhiwa uhariri. Aliletewa karatasi zilizokusanywa na waliomtangulia, zenye uzito wa tani mbili hivi. Akajenga banda la mabati na kulijaza rafu zenye vijumba zaidi ya 1,000. Akatoa mwito kwa umma usaidie kusoma vitabu, na wasomaji wa kujitolea wakaitika kutoka Uingereza, Marekani na kwingineko.

Kila msomaji alitumia karatasi ndogo yenye ukubwa wa nusu ya ukurasa wa daftari. Juu kushoto aliandika neno. Chini yake aliandika tarehe, mwandishi, jina la kitabu na ukurasa, kisha sentensi yenyewe kama ilivyo. Karatasi zilipofika kwa Murray zilipangwa kwa alfabeti, kazi ambayo hata watoto wake kumi na mmoja waliishiriki kwa kulipwa visenti. Baada ya hapo zilipangwa kwa maana, na ndani ya kila maana zikapangwa kwa tarehe. Ndipo mhariri aliposogeza kiti, akazisoma moja baada ya nyingine, na kuanza kuandika fasili. Utaratibu huo una adabu kubwa ndani yake: mhariri hana ruhusa ya kusema neno lina maana gani mpaka amewasikiliza waliolitumia, wote, kwa zamu yao.

Kusikiliza huko kulikuwa na hila yake. Wasomaji wa kujitolea walipenda maneno ya ajabu na kuyapita yale ya kila siku. Murray alilalamika kwamba kwa neno "abusion", ambalo karibu hakuna anayelijua, aliletewa karatasi kama 50, na kwa "abuse", ambalo kila mtu analisema, hakupata hata tano. Ilibidi yeye na wasaidizi wake warudi vitabuni kuziba pengo. Hapa ndipo ninapoona subira ya kazi hii kwa uwazi zaidi. Neno geni hujitangaza lenyewe, lakini neno la kawaida lazima mtu aketi alisubiri lipite.

Vitenzi vyetu vyote viwili vilipita mikononi mwa Murray mwenyewe. Kamusi iligawanywa baadaye kati ya wahariri wanne, lakini herufi D na herufi I zilikuwa zake. Juzuu lenye D lilikamilika mwaka 1897 na lile lenye I mwaka 1901. Na mtu huyu aliijua maana ya usumbufu mdogo kwa mwili wake. Alipohamia Oxford mwaka 1885 na kujenga banda jipya kwenye bustani ya nyumba yake ya Banbury Road, jirani yake, profesa wa sheria, hakutaka liharibu mandhari aliyoyazoea. Ili jirani asisumbuke, banda lilizamishwa kama futi tatu ndani ya ardhi. Likawa na unyevu na baridi, na majira ya kipupwe Murray alifanya kazi miguu yake ikiwa ndani ya sanduku ili kuikinga na upepo. Humo ndimo kilimofasiliwa kitenzi cha kumwondolea mtu urahisi wake. Murray alifariki mwaka 1915, kamusi ikiwa imefikia herufi T. Ilikamilika mwaka 1928, na vidahizo 414,825.

Karatasi zilizopangwa kwa tarehe huonyesha jambo ambalo fasili peke yake haiwezi kulionyesha, nalo ni mwendo wa neno kutoka tabaka moja la usemi hadi jingine. Katika karne ya 18 mtu aliyesoma aliweza kutumia "incommode" katika barua ya kawaida bila kuonekana amevaa suti. Siku hizi Mwingereza anayetaka kusema jambo hilo hutumia kitenzi cha kawaida zaidi, au nomino ile iliyo kwenye matangazo ya kuomba radhi yanayobandikwa vituoni treni zikichelewa. Anayesema "incommode" au "discommode" mitaani London leo anasikika ama mtu wa itifaki sana, ama mtu anayetania kwa makusudi. Hivyo kamusi za sasa huvitia vitenzi hivi alama moja tu: rasmi.

Alama hiyo ni neno moja, lakini nyuma yake kuna uamuzi. Kama fasili ndiyo inayomwambia msomaji neno lina maana gani, alama ya matumizi humwambia atasikikaje akilitumia. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayeliandika katika barua ya kuomba kazi anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji kujua Kilatini cha "commodus". Watunga kamusi wazuri huitoa alama hiyo kwa uchache na kwa ushahidi. Wakiipachika ovyo, msomaji huizoea na kuacha kuiona.

Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitoa kamusi ya COBUILD, iliyotokana na hazina ya mamilioni ya maneno ndani ya kompyuta. Kompyuta iliwaletea kila neno likiwa katikati ya mstari, na majirani zake kushoto na kulia, mamia ya mistari kwa mpigo. Lakini kilichonivutia ni uamuzi wao wa kuandika fasili kwa sentensi kamili, jinsi mwalimu anavyoeleza darasani. Kwa mtindo huo kitenzi chetu kingefasiliwa hivi: mtu au jambo likikuondolea urahisi uliokuwa nao, ukalazimika kujibana au kubadili ulivyopanga, basi limekutenda hivi. Sentensi ya namna hiyo ni ndefu kuliko ya Johnson na haina mkato wake. Hata hivyo inaonyesha wazi nani anatenda na nani anatendwa, kwamba mtendaji anaweza kuwa kitu au hali, na kwamba mtendwa kwa kawaida ni mtu. Sarufi yote imeingizwa ndani ya maelezo bila kutajwa.

Kwetu kazi hii ina historia yake. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na akatumia miaka mingi kukusanya maneno. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Madan, mmisionari mwingine aliyekuwa Zanzibar, alitunga ya Kiingereza kwa Kiswahili iliyotoka 1894, kisha ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Mwaka 1939 zikatoka kamusi mbili za kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, zilizosimamiwa na Johnson mwingine, Frederick. Baadaye wenye lugha wakashika kalamu wenyewe: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981, na ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1996.

Mtunga kamusi ya lugha mbili ana mzigo ambao Johnson wa Gough Square hakuubeba. Hapewi nafasi ya kueleza. Anatakiwa kutoa neno la upande wa pili. Na kwa "incommode", neno linalokuja kwanza mdomoni ni sumbua. Ni jibu sahihi, lakini sumbua la Kiswahili lina eneo kubwa kuliko kitenzi hicho cha Kiingereza. Lisikilize mahali linapotumika. Kijana anaingia kwa jirani: "Shikamoo mama, nimekuja kukusumbua kidogo." Naye anajibiwa: "Marahaba mwanangu, karibu, wala hunisumbui." Hapo limelingana na "incommode" kabisa, hata adabu yake. Sasa fungua redio usikie mtangazaji akisema mshambuliaji aliisumbua ngome ya wapinzani dakika zote tisini. Fungua gazeti usome kwamba marehemu alisumbuliwa na maradhi ya moyo kwa muda mrefu. Mpishi anasema jiko linamsumbua, mzazi anasema mtoto anamsumbua, mpangaji anasema mwenye nyumba anamsumbua kodi. Ni neno moja, na uzito wake unaanzia kwenye hodi ya jirani hadi kwenye tangazo la msiba.

Mwanafunzi aliyepewa sumbua peke yake atafanya kosa lililo halali kabisa kwa mujibu wa kamusi yake. Ataandika kwa Kiingereza kwamba saratani ilimtenda "incommode" babu yake, na msomaji wa Kiingereza atadhani anaudharau msiba. Akienda njia ya pili, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, atatafsiri mtu aliyesogezwa kwenye kiti kana kwamba ameteswa. Hapo mwenye makosa si mwanafunzi. Alipewa neno bila kupewa kipimo chake.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kulizingira eneo hili, na fundi mwenye nafasi anaweza kuvipanga kwa daraja kama alivyofanya Webster. Kuudhi na kukera vinagusa moyo: aliyeudhiwa ana kinyongo, na "incommode" haihitaji kinyongo. Kughasi na kubughudhi vina kelele na kurudiarudia ndani yake. Kutaabisha ni kuzito mno. Kuhangaisha kunamfanya mtu akimbie huku na huku. Kutatiza kunakaribia, ila mara nyingi kunatatiza jambo zaidi kuliko mtu. Kinachobaki ni kusumbua, kikiongezewa kitu cha kukipunguza uzito: kusumbua kidogo, au kumwondolea mtu wepesi wake. Kwa maoni yangu, kitomeo bora kingetoa sumbua, kikaongeza kwa maneno machache kwamba ni usumbufu mdogo usio na madhara makubwa, kikatia alama ya rasmi, kisha kikaweka mfano wa mgeni aliyefika kabla ya wakati. Ni mistari mitatu tu. Johnson, Webster na Sinclair wote wangekuwa ndani yake.

Ninajua mistari mitatu kwa kila kitenzi ni karatasi nyingi, na karatasi ni fedha. Lakini kamusi siku hizi inaishi pia ndani ya simu, na huko nafasi si ghali kama zamani. Kwa hiyo ninawaomba walioko kwenye taasisi za Kiswahili, TATAKI, BAKITA na BAKIZA: katika matoleo yajayo, vipeni vitenzi hivi vya kati, visivyo vya furaha wala vya msiba, mifano ya matumizi na alama za uzito wake, na mifano hiyo itoke vinywani mwa watu wa Tanga, Lamu, Kigoma na Bunia. Na mwalimu wa Kiingereza anayewatuma wanafunzi kwenye kamusi, awafundishe kukisoma kitomeo chote hadi mfano wa mwisho, wasikimbie na neno la kwanza waliloliona.